Kuunda mashua ya mbao uani kwako: mkuku, mataruma, kalafati (uzi wa watu wa Kusini)

Mla Ming'oko

Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni.

Kila korosho zikishauzwa, kuna watu wanakuja uani kwetu Mikindani na swali lilelile: "Njomba, hela kidogo ninayo, nataka mashua. Nikiunda mwenyewe nyumbani inawezekana?" Inawezekana. Mimi riziki yangu ni useremala wa milango na makabati, ila baba mdogo ni fundi wa vyombo na nimekulia kwenye vumbi la randa yake. Nimeona niandike mara moja, atakayekuja tena nimtumie uzi.

Ninaongelea mashua ya futi 18, yaani pima tatu kwa hesabu ya wazee, ya nyavu na mishipi ndani ya ghuba na kutoka kidogo nje ya mwamba. Jahazi la mizigo ni habari nyingine. Anayelitaka akakae na mafundi, asijifunzie kwenye simu. Bei sitataja kabisa. Bei ya mbao huku hupanda na kushuka na mnada wa korosho, nikiandika leo mwezi ujao mtaniita muongo.

Tuanze na mbao, maana ndizo zinazochukua muda.

Mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, uwe wa mkongo. Ndio huohuo watu wa pwani ya kaskazini wanauita mbambakofi. Mzito, mgumu, mchwa hawaupendi. Inchi 4 kwa 6, kipande kimoja kisicho na kiungo ukiweza kukipata. Mbao za ubavuni, mninga ndio chaguo langu: ukishakauka hausinyai wala hautanuki sana, na hilo kwenye chombo ni jambo kubwa. Mvule nao unafaa, na wa Rondo unajulikana, ila ndani yake unakutana na mawe, chokaa iliyoganda mle ndani ya mti, yanakula meno ya msumeno. Vumbi lake nalo linawasha pua na macho, funga kitambaa.

Mataruma, ile miti iliyopinda inayoshika mbao kwa ndani, usiyakate kwenye ubao ulionyooka. Tembea mashambani utafute tawi lililojipinda lenyewe, la mwembe au mkwaju, nyuzi za mti zifuate kona. Taruma lililokatwa kona kwenye ubao ulionyooka linakuwa na nyuzi fupi palepale penye kona, na hapo ndipo litakapopasuka.

Kukausha: mafundi wanasema inchi moja ya unene, mwaka mmoja wa kivuli. Najua hamtasubiri. Basi angalau mbao zikae kiangazi kizima, kuanzia mvua zinapokatika mwezi wa tano, chini ya makuti, vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite. Juani usiweke. Paka rangi ncha zote mbili za kila ubao, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi nchani na mpasuko huanzia huko. Ule weupe wa nje wa mti kata wote utupe, usiuonee huruma. Ndio wa kwanza kuoza.

Nakuja na kiunzi, yaani mifupa ya chombo.

Korosho Ghafi

Njomba, sisi wa huku juu Newala bahari tunaiona kwenye kalenda, lakini nimevuta kigoda. Nina mikorosho mizee naing'oa, matawi yote yamejipinda. Hayafai mataruma hayo?

Mla Ming'oko

@Korosho Ghafi umbo lake linatamanisha, najua. Lakini mkorosho ni mti mlaini na huoza upesi, mimi siuweki chini ya maji. Labda benchi la kukalia. Chenye manufaa kwako ni maganda. Mafuta ya maganda ya korosho yanazuia mchwa na kuoza, na ni dawa ya mbao ya siku nyingi. Onyo: yanababua ngozi vibaya. Glavu, mikono mirefu, na usijifute uso. Na usiyapake mahali ambapo baadaye utataka kupaka rangi haraka, hayakauki upesi.

Hati Mkononi

Kabla watu hawajapakia magogo kwenye Canter, niseme la upande wangu.

Mbao za asili zina vibali. Mti ukikatwa msituni bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, mbao zako zitaishia kwenye kizuizi cha barabarani. Nunua kwa mtu mwenye leseni, akupe risiti, na upate hati ya kusafirishia. Mazao ya misitu yalikuwa hayasafirishwi usiku, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi; uliza TFS utaratibu wa sasa kabla ya kupakia.  

Mikoko ndiyo msiiguse kabisa bila kibali. Najua wazee walikuwa wakikata mataruma mikokoni. Na walio upande wa Msimbati na delta ya Ruvuma mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizeni pia ofisi ya hifadhi kabla ya kuanza.

Kijana wa Shangani

Wakuu msinielewe vibaya, lakini mbao mpaka lini? Dunia iko kwenye faiba. Boti ya faiba haina kalafati (pamba ya kuziba mianya ya mbao), haina mchwa, nyepesi, mashine ndogo inaikimbiza. Serikali yenyewe inakopesha wavuvi boti za faiba.

Mla Ming'oko

@Kijana wa Shangani hujakosea, faiba ni nzuri. Nitakuuliza moja tu: ikipigwa na mwamba Msanga Mkuu, Jumamosi jioni, nani anaiziba? Mashua ya mbao ubao ukivunjika naung'oa, naweka mwingine, Jumatatu chombo kiko majini. Faiba inataka resini mbichi, isiyopitwa na muda, mahali pakavu, na mtu anayejua kuchanganya. Ukivipata vyote hivyo, nunua faiba na Mungu akubariki. Uzi huu ni wa mwenye mbao na mikono.

Haya, kiunzi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha.

Fundi mkongwe hana mchoro. Anasimamisha hanamu, mti wa mbele, na fashini, mti wa nyuma, anabandika mbao mbili tatu za chini, halafu anachonga taruma mojamoja akilipima kwa jicho mpaka chombo kinajaa. Ukimtazama unaona kazi nyepesi. Usimuige. Yule mchoro uko kichwani, na umekaa humo miaka.

Wewe tengeneza vielelezo vitatu vya mbao za hovyo: cha omo (mbele), cha katikati na cha tezi (nyuma). Chora nusu moja, ikate, kisha itumie hiyohiyo kuchorea nusu ya pili, ili kushoto na kulia visitofautiane. Weka mkuku juu ya vigogo, kimo cha goti, mahali tambarare penye kivuli, uhakikishe kwa pimamaji. Funga uzi wa kuvuta kutoka kichwa cha hanamu mpaka kichwa cha fashini. Timazi ukiishusha kutoka kwenye uzi huo, popote pale, iguse mstari wa katikati ya mkuku. Isipogusa usiendelee. Simamisha vielelezo mahali pake, katikati ya kila kimoja chini ya uzi.

Sasa chukua ufito. Mwembamba, mrefu kuliko chombo, usio na fundo hata moja. Uzungushe kutoka omo, upite juu ya vielelezo vyote mpaka tezi, usiulazimishe. Ukiona umeacha nafasi kwenye kielelezo, hapo umbo limebonyea. Ukiona unajikunja kona ghafla, hapo pamevimba. Punguza au ongeza kielelezo, rudia. Pandisha ufito shibiri moja, rudia. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa, inama, funga jicho moja utazame kwa kuufuata urefu wake. Tazama tena asubuhi jua likiwa la ubavuni, kasoro ambayo saa sita mchana huioni itajionyesha kwa kivuli. Mita haitakusaidia hapa. Nimeona watu wenye vipimo sahihi mpaka milimita na chombo kina tumbo upande mmoja, na nimeona mzee asiyejua kusoma futi akipitisha ufito mara mbili tu na mashua ikatoka imenyooka.

Ufito ukikubali pande zote, ndipo uchonge mataruma kwa kuufuata. Kati ya taruma na taruma mimi naacha shibiri moja na nusu. Penye mashine na penye mlingoti nasogeza karibu zaidi.

Mgeni wa Masasi

Mkuu, mimi sina uwezo wa mninga. Plaiwudi ya dukani je? Nimeona video watu wanaunda boti nzima kwa plaiwudi na gundi.

Mla Ming'oko

Wanaunda, na zinatoka nzuri. Tatizo ni plaiwudi ipi. Nyingi za madukani ni za dari na makabati, gundi yake haivumilii maji. Kata kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria saa nzima, kitoe kikauke, rudia. Matabaka yakiachana au yakivimba, hiyo ni ya kabati. Yakibaki yameshikana, tazama ubavu wake: pakiwa na matundu katikati ya matabaka, iache vilevile, maji yatakaa humo. Iliyofaulu yote mawili unaweza kuitumia na gundi ya epoksi, lakini kila ncha na kila tundu la skrubu lizibwe. Maji yakishaingia ndani ya plaiwudi hakuna kalafati ya kuyatoa.

Tunarudi kwenye mbao za kawaida.

Ubao wa kwanza ni ule unaokumbatia mkuku. Chonga mfereji ubavuni mwa mkuku ili ubao uingie ndani yake, usilale juu juu. Kisha ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, hivyohivyo mpaka juu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kiunzi kinavutwa na chombo kinajipinda.

Ubao usiotaka kupinda usiupigilie kwa hasira. Uloweke usiku kucha, upake mafuta, uuweke juu ya moto mdogo wa makumbi ya nazi huku ncha moja umeibebesha jiwe. Utashuka wenyewe taratibu. Ukishashuka, funga kwa jiriwa palepale ungali moto.

Ubao na ubao vigusane barabara upande wa ndani, upande wa nje viachane kidogo, kama milimita 1.5 kwa ubao wa inchi moja. Huo mwanya ndio nyumba ya kalafati.

Misumari iwe ya chuma iliyochovywa zinki. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari. Chini ya kichwa zungusha pamba yenye mafuta. Ncha ikitokeza upande wa pili wa taruma, ikunje irudi ndani ya mti kwa kuzikata nyuzi, si kwa kuzifuata. Na usichanganye misumari ya zinki na skrubu za shaba. Vikiwa pamoja ndani ya maji ya chumvi zinki ndiyo inayoliwa, na utaanza kuona misumari inachungulia bila kujua kwa nini.

Mama Chombo Kivinje

Wanangu hamjambo. Mimi siundi, mimi ninamiliki. Mashua aliyoniachia marehemu mume wangu bado inavua hapa Kivinje, na kila kukicha mimi ndiye ninayebishana na vijana kuhusu kalafati, kwa hiyo naomba niingie.

Mla Ming'oko

Shikamoo mama. Karibu sana, hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Mama Chombo Kivinje

Marahaba mwanangu.

Pamba. Si matambara, si nyuzi za nailoni za viroba. Pamba safi, isokotwe mkononi iwe ndefu, ilowekwe mafuta. Zamani tulitumia sifa, yale mafuta ya papa, tupu, siku hizi haipatikani kirahisi, mafuta ya nazi yanafaa. Kijana aishindilie kwa patasi butu na nyundo ya mti, akunje vishungi vidogovidogo njia nzima, asiivute ikanyooka. Nyundo isikilizwe. Mwanyani pamba ikiwa bado haijakaa, sauti ni nzito, ikikaa sawasawa sauti inakuwa kavu.

Wanachokosea ni nguvu. Wanadhani kalafati ikijaa mno ndiyo bora. Ubao ukiingia majini unatanuka upande wa upana, na pamba imeshajaa, sasa utanukie wapi? Unausukuma mwenzake, misumari inalegea kwenye mataruma. Mnaanza kuvuja kwenye misumari mahali ambapo kalafati ni nzima, halafu mnaongeza kalafati!

Juu ya pamba ziba kwa chokaa iliyokandwa na mafuta. Chini yote, panapozama, paka deheni: shahamu ya ng'ombe iyeyushwe, itiwe chokaa, ipakwe ikiwa moto. Juu ya maji paka sifa, au rangi ukiwa mtu wa mambo ya kileo. Sifa inanuka, jirani watasema, mwache aseme.

Deheni si ya kupaka mara moja mkasahau. Kila baada ya miezi michache, bamvua (maji makubwa) likija, mashua ipandishwe juu, maji yakipwa ibaki kavu, ikwanguliwe, chini ipitishwe moto wa makuti makavu, kisha deheni mpya. Moto wa kupitisha tu, si wa kuchoma mashua. Huo unaua wale watobozi.

Korosho Ghafi

Shikamoo mama. Watobozi ndio akina nani tena?

Hati Mkononi

Ni yule anayechimba mbao baharini, kitaalamu Teredo. Wengi humwita funza, lakini yuko kwenye ukoo mmoja na chaza na kome, magamba yake mawili madogo ndiyo patasi yake. Anaingia akiwa mdogo kwa tundu ambalo huwezi kuliona, anakua ndani. Nje ubao unauona mzima, ndani umebaki matundu matupu. Kwa hiyo mkaguzi mzuri hatazami rangi, anagonga.

Maji yasiyo na chumvi yanamshinda. Watu wa Lindi mna bahati ya Lukuledi kumwaga ghubani kwenu: chombo kikipandishwa mtoni kikakaa huko, wanakufa. Ila si kwa siku mbili. Anaweza kuziba tundu lake na kuvumilia wiki kadhaa.

Kijana wa Shangani

Faiba haina Teredo, nasema tu 😂

Mama Chombo Kivinje

Wewe mtoto, faiba yako niletee nikae juu yake niuze samaki.

Mgeni wa Masasi

😂😂 Mama amemaliza.

Swali la kizembe: nikishaunda uani, natokaje? Geti langu ni la futi sita.

Mla Ming'oko

Si la kizembe hata kidogo. Mashua ya pima tatu ina upana wa futi tano na zaidi, na kuna kona ya njia ya kwenda pwani ambayo hukuipima. Pima geti, pima vichochoro, tazama nyaya za umeme, kabla ya kulaza mkuku. Ukiwa mbali na bahari kama huko Masasi, shauri langu ni kwamba mbao zikaukie kwako, vielelezo uvitengeneze kwako, lakini mkuku ulazwe pwani kwenye banda la makuti la kukodi. Na pwani utawapata wazee wanaopita wakikosoa bure. Wavumilie. Mmoja kati ya kumi anasema kitu ambacho hukukiona.

Kushua: ngoja bamvua la mwezi mpya au mwezi mpevu, maji yakufuate juu badala ya wewe kukiburuta chombo mpaka chini. Magogo chini ya mkuku, watu wa kutosha, chakula cha watu hao kipikwe mapema. Mwezi wa sita na wa saba kusi limekaza, siwashauri kukijaribu chombo kipya wakati huo. Mimi napenda mwezi wa kumi na mmoja, bahari imelala.

Siku ya kwanza kitavuja. Msipige kelele, msiongeze kalafati. Mbao zimekauka, zinahitaji kunywa na kufunga mianya. Kiacheni karibu na ufuo, mtu mmoja na kata afue maji, mashine isifungwe bado. Maji yakipungua kila siku, mambo yako sawa. Yasipopungua, kipandisheni mtafute alama ya unyevu kwa ndani, mara nyingi ni pale ubao wa kwanza unapokutana na hanamu.

Hati Mkononi

Na kabla ya kwenda kuvua: leseni ya uvuvi na ya chombo halmashauri, ukaguzi wa TASAC (shirika la uwakala wa meli), jaketi za kuokolea kwa kila aliyemo. Mkaguzi mwite mkuku na mataruma vikiwa bado vinaonekana, ni rahisi kuliko kumbishia baadaye chombo kimeshapakwa rangi.

Kijana wa Shangani

Haya nimekubali kidogo. Nina mashine ya Yamaha imekaa ndani tangu boti ya kaka iuzwe. Nikitaka kuifunga kwenye mashua ya mbao, tezi inakuwaje? Zile za wazee zimechongoka nyuma.

Mla Ming'oko

@Kijana wa Shangani ya kuchongoka inafaa tanga. Ya mashine inataka tezi ya ubao mpana, mnene inchi 2, ulioshikwa na magoti ya mti wa kujipinda kwenye mkuku na kwenye mbavu zote mbili, maana mashine ndiyo inayosukuma chombo kizima kupitia ubao huo. Uulaze nyuma kidogo, kama nyuzi (digrii) 12.

Kimo chake kinatokana na mguu wa mashine yako. Mguu mfupi, kutoka juu ya ubao mpaka chini ya mkuku ni karibu inchi 15. Mguu mrefu, 20. Ukikosea, feni itazunguka hewani au mguu wote utaburuta maji. Pima kuanzia pale kishikio kinapokaa mpaka kwenye bapa lililo juu ya feni, halafu niandikie hapa umepata ngapi.

Kijana wa Shangani

Nimepima sasa hivi. Ishirini na nukta kidogo.

Mla Ming'oko

Mguu mrefu huo. Basi anza na kielelezo cha tezi, vingine vitakifuata.